Kibao ya Leta

Clémence, usiniambie tena kungoja! Weye uko unakula mushahara ku biro ya Leta, ya serikali, kule Kinshasa, na unaniuliza miye, bibi yako: "Nkambo, juu ya nini hamuna uvumilivu? Feza ya kilalo yenu, ile daraja, iko njiani." Tuko bazima, mama yako anakusalimia. Lakini kungoja, hapana.

Nilipokuwa musichana kule Mitwaba, kila mwaka mbele ya mvula bababa balikata miti na kutengeneza kilalo ya mutoni yetu. Siku moja bantu ya Leta bakasimamisha kibao kubwa ya mbao: hapa Leta itajenga kilalo mupya. Basi, bababa bakaweka mashoka chini. "Sasa iko kazi ya Leta." Mvula ikabeba kilalo ya zamani, mupya haikukuya. Mama yangu akangoa ile kibao, akailalisha juu ya mutoni, tukavuka.

Polisi mumoja akalalamika: "Mama, unaharibu kintu ya Leta!"

"Naharibu nini? Leta iliandika hapa kutakuwa kilalo. Si njo hii?"

Leo hapa Kampemba batoto banaruka shimo ya mvula juu ya kufika ku masomo, na kibao yenu ya kuahidi kilalo inasimama pembeni, muzuri kabisa. Basi soma hii barua mbele ya chef yako, na sauti ya nguvu. Mwambie nkambo yako iko ananoa shoka.