Mama Mbinya na Ngurumo ya Ukutani

Mwaka umezunguka, Mama yetu Mbinya, tangu Jumamosi ile ya mvua za El Nino ulipotutoka. Hapa nyumbani Migwani bado tunaongea kana kwamba uko jikoni unatusikia.

Ulikuwa na vinanda viwili. Cha nyuzi kilikaa sebuleni, zawadi ya mmishonari aliyekufundisha ukiwa msichana. Cha mabomba kilikuwa kanisani, kando ya mto. Kwa vyote viwili ulipiga muziki uleule wa Wazungu wa kale, sauti moja ikitangulia na nyingine ikiikimbiza. Jirani yetu Arbaco akileta maziwa alikuwa anakaa kusikiliza. Alisema cha nyuzi ni kama mvua kwenye mabati.

"Cha nyuzi kinadonoa, sauti inakufa hapo hapo," ulitufundisha. "Cha mabomba hakinyamazi mpaka utoe kidole. Kwa hivyo kisikilize mpaka mwisho."

Kwa kusikiliza hivyo, ulijua kabla ya watu wote. Kila ulipokanyaga kwa mguu sauti ya chini kabisa ya kinanda cha kanisani, kitu kilinguruma ndani ya ukuta wa upande wa mto. Ulirudi nyumbani ukapiga wimbo huohuo kwenye cha nyuzi, polepole, ukihakikisha kama ngurumo imo kwenye muziki. Haikuwemo. Ukajua ni ukuta, ukaenda kuwaambia wakubwa wa kanisa.

Mzee Mutie, mwenyekiti wa kanisa, alikwambia ukuta ni wa mawe na fundi ameshaupiga plasta. "Ni kinanda kimezeeka, Mama Ndila." Mvua iliendelea. Plasta ikaanza kudondoka chini ya dirisha, na popo waliokaa darini miaka yote wakahama.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya watoto, nao walipangiwa kuketi kando ya ukuta huo. Ndipo Jumamosi ile ukamwomba Mzee Mutie aje asikie mwenyewe. Ulimsimamisha nje ya mlango. Baba alijaza mvukuto upepo kama kawaida yake, ukamwambia, "Baba Ndila, toka sasa. Upepo huu utanitosha."

"Na wewe?"

"Nikitoka, nani atapiga?"

Ukakanyaga. Baba anasema ukuta uliitikia kama ng'ombe anayelia mbali. Mzee Mutie akapaza sauti, "Nimesikia! Nimesikia, Mama! Toka!"

Walikuona ukisimama. Walikuona ukitandaza leso juu ya kinanda, vumbi lisiingie. Ukuta ukaja.

Wale watoto wote wako hai. Wengine wanakaribia kukufikia kimo.

Mama, mvua zimeanza tena. Shule ya hapa chini ilijengwa na fundi yuleyule aliyepiga plasta kanisani, na darasa la kwanza lina ufa kutoka dirishani hadi chini. Baba amekwenda kuwaambia walimu, akarudi, akaenda tena. Wanamjibu ufa ni mdogo. Juzi Ndila aliweka kiganja pale, akasema ukuta ni baridi na unatetemeka lori likipita.

Jumatatu asubuhi tutasimama langoni sisi sote, na Mzee Mutie akiwa mbele. Hakuna mtoto atakayeingia.

Wanaokukumbuka ni mumeo Mbuvi, wanao Ndila na Mwangangi, dada yako Syombua wa Mukuyuni, wajukuu, na kwaya yako yote.

Hutatutoka moyoni, Mama, siku zote tutakazoishi.