Mgongo Wako na Mpunga wa Mama

Mpendwa mdogo wangu Deo,

Tangu asubuhi sijaketi nikatulia. Nimefagia uwanja mara mbili, nimeosha vyombo vilivyokuwa safi, na shemeji yako ameondoka zake kwenda dukani Shanwe akinung'unika kwamba nikiendelea hivi nitachimba shimo sebuleni. Nina mimba, Deo, inaingia mwezi wa sita. Sikukuandikia mapema kwa sababu niliogopa, na nilichokiogopa ni kile ulichozaliwa nacho wewe, mgongo wazi. Usinune. Wewe mwenyewe sikukuogopa hata siku moja.

Nilikubeba kwenye keria ya baiskeli miaka yote ile ya shule ya msingi kule kwetu Mpimbwe, nimekufunga na mpira usianguke, na wewe huko nyuma ukinipangia mwendo kana kwamba gari ni lako. Siku moja watoto walicheka miguu yako, bibi mmoja akawakemea: "Nyie watoto, hujafa hujaumbika." Ukainua mkono ukamjibu, "Waache tu, bibi. Mi bado nasubiri nimaliziwe." Nilicheka hadi nusura tuingie kwenye jaruba la mpunga. Mpunga ulipoanza kutoa masuke, baba alikuweka juu ya tuta na debe na fimbo uamie ndege, nawe ukawatukana kwelea kwa majina ya walimu wetu.

Jioni mama alikukanda miguu kwa mafuta. Wanakijiji walikuwa na yao, eti alimcheka mlemavu akiwa na mimba. Yeye hayo hakuyajali, maana alikuwa na lake. "Nilikuvunja mwenyewe, baba," alikuwa anasema polepole. "Nilipandikiza mpunga msimu mzima nimeinama, na wewe tumboni." Ukajifanya umelala. Kesho yake kwenye baiskeli ukaniuliza, "Dada, kwani mwaka ule mpunga tulipata mwingi?" Nikasema tulipata. "Basi sawa," ukasema, ukaendelea kunipangia mwendo. Figo zilipokuondoa ukiwa kidato cha pili, neno lako hilo ndilo nililobaki nalo, na mama sijawahi kumwambia.

Sasa nafundisha baiolojia hapa Mpanda. Nilipotaka mtoto nilisoma kwenye simu hadi macho yakaniuma, nikaelewa kitu ambacho ungekipenda. Mwanzoni kabisa, mgongo na ubongo wetu ni bamba jembamba la seli. Kingo zake zinainuka, zinakutana, zinajishona, linakuwa bomba. Juu ni ubongo, chini ni uti wa mgongo. Kazi hiyo inaisha ndani ya mwezi wa kwanza, mama akiwa bado anadhani siku zake zimechelewa tu. Kwako, sehemu ndogo ya chini haikushonwa.

Bomba likishafunga, seli zilizojipanga kwenye ukuta wake wa ndani ndizo shina la ubongo wote, na wataalamu wanaziita hivyo hivyo, seli shina. Kwanza zinajigawa, zinajaza ukuta. Halafu kila moja inajinyoosha kutoka ndani hadi nje, na seli changa inayozaliwa inaukwea mwili wa mama yake kwenda kutafuta mahali pake. Wanaochelewa kuzaliwa wanawapita waliotangulia na kukaa juu yao. Mama anabaki amejinyoosha mpaka watoto wafike. Hilo ndilo linaloendelea tumboni mwangu hata sasa ninapozunguka na ufagio, na siwezi kulisaidia kwa lolote. Ninaumia kutojua.

Vidonge vya foliki asidi, vya kuzuia mgongo wazi, nilianza kumeza kabla ya kushika mimba. Nesi wa kliniki aliponisikia nikikutaja alisisitiza hilo, ila hakunificha kwamba vinapunguza hatari, haviimalizi. Ndiyo maana wiki iliyopita nilipokwenda kupigwa altrasaundi nilimwomba mama aje. Alikaa kando ya kitanda na rozari yake. Daktari alipitisha kifaa muda mrefu, kisha akatuonyesha. "Mgongo huu hapa, umefunga wote. Na kichwa kiko vizuri."

Nilipaswa kutulia. Lakini mashine ile inaona mifupa na ngozi, haiioni seli changa inayokwea. Nauliza kila saa nani amefika na nani amekwama njiani. Shemeji yako ananiambia, "Si wamesema mzima?" Wamesema.

Tuliporudi nyumbani Kawajense, mama alininyang'anya ufagio. "Usiiname," akasema. Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikamkalisha, nikamweleza yote, bamba, bomba, na mshono uliokosekana.

"Kuinama hakuchani mgongo wa mtoto, mama."

"Hata kutwa nzima?"

"Hata msimu mzima."

Nilidhani atafurahi. Alilia, Deo, kilio ambacho hata kwenye msiba wako hakukilia. Nilimshika mabega nisijue pa kuanzia. Alipopata sauti akasema, "Na yeye amekufa akijua ni mimi." Nilitaka kumwambia ulishamsamehe siku nyingi, ulipokuwa mtoto wa keria, lakini je, alikuwa na kosa gani la kusamehewa?

Tangu siku hiyo mama hali chakula vizuri, na mimi silali vizuri, kila mmoja anamsikiliza mwenzake kupitia ukuta. Leo asubuhi akanijia jikoni na kusema, "Mwandikie." Nikamwuliza nikuandikie nini. Akaniangalia kama mtu anayeulizwa jina lake, kisha akanipa neno lake.

Lala salama, mdogo wangu. Una mpwa njiani, utakuwa mjomba. Mama amekaa mlangoni, anasubiri nimalize nimsomee, na mimi kila neno la kufungia ninaloliandika nalifuta. Basi nakupa la kwake, kama alivyolisema:

"Mwambie sikumvunja."

Ni mimi, dada yako.