Zimwi Lenye Zipu Mgongoni

Dada Neema, shikamoo. Wasalimie wote hapo Kihesa.

Leo mvua ya Uyole imenikimbiza hadi kwenye kibanda cha video, nikakuta wanaonyesha sinema ya Kituruki. Zimwi lake la manyoya lina zipu mgongoni, inaonekana kabisa. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Zimwi lilipopigwa risasi, mama muuza viazi aliyekaa pembeni yangu akaanza kulia.

"Limekosa nini?" akaniuliza. "Si lilikuwa na njaa tu?"

Nilitaka kumwambia habari ya zipu, nikashindwa, maana na mimi machozi yalikuwa yananitoka. Tukaomba sinema irudiwe tangu mwanzo, na kibanda kizima kikakubali. Sijawahi kufurahi hivi, dada. Ungekuwepo, ungelia kutushinda.

Mungu akutunze.

Mdogo wako, Rehema