Ubongo Uliohamia Damuni

Mdogo wangu Mwalimu,

Pokea salamu zangu, wala usishtuke kuuona mwandiko huu wa kuku. Natumaini u mzima, magoti yametulia, na wanafunzi wako wa zamani bado wanakuamkia njiani. Ukiniuliza mimi, nimelazwa, wiki ya tatu sasa. Usirukie mwisho, soma kwa mpango kama ulivyokuwa ukiwafundisha watoto wa watu.

Ni saratani ya damu, ile ya haraka. Daktari wangu ni binti mwenye subira, ila kisigino cha kiatu chake kimelika upande mmoja. Jicho la fundi viatu halilazwi. Kanieleza kuwa kuna jeni ambayo kila mtu anayo, na kazi yake hasa iko kwenye ubongo. Kwangu wameikuta imechachamaa kwenye damu, mahali ilipopaswa kunyamaza. Nikamwomba aniandikie hayo kwa muhuri, nimpelekee yule mwalimu wa darasa la nne aliyesema kichwani mwangu hamna kitu. Kumbe kilikuwemo, kimehama tu! Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akasema jeni hiyo ikizidi hivyo ugonjwa huwa mkaidi, na dawa peke yake huenda zisitoshe.

Chumba kina vitanda viwili. Jirani yangu alikuwa dereva wa lori. Ikifika saa kumi wanamjia mke, mashemeji na wajukuu, mpaka viti vinaazimwa chumba cha pili. Mimi nageukia ukuta, najifanya nimelala. Jana mkewe aliniwekea chungwa mezani, akanong'ona kuwa mzee wa watu hana mtu. Nilikuwa macho, nikasikia yote.

Najua kwa nini hatuandikiani. Miaka tisa imepita tangu nisimame kwenye mazishi ya mkeo, shemeji yangu, nikasema kwamba sasa amefika mahali ambapo hutaweza tena kumsahihisha. Watu walicheka. Wewe ulishika udongo mkononi, ukanitazama. Mdomo wangu ulitangulia, akili ikafuata kwa miguu.

Basi niungame. Siku ya kulazwa, karani aliniuliza kama nina ndugu. Niliona aibu kusema ninaye ila hatusemezani. Nikasema umekufa. Akataka kujua umekufaje, nikasema uliteleza juu ya paa ukipigilia bati. Wauguzi wakanipa pole, mmoja akaniongezea sukari kwenye chai. Nikainywa, mdogo wangu. Nimekunywa chai ya msiba wako.

Juzi daktari akaniambia kinachoweza kunisaidia ni uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, wa ndugu wa baba mmoja mama mmoja. Kwa kila ndugu wanne, kwa kawaida mmoja ndiye hulingana, nami ninaye wewe tu. Akasikitika sana kuhusu lile paa. Asubuhi hii nimemwita, nikamwambia u hai. Nilitegemea anigombeze. Aliniuliza tu kama utakuja, na mdomo huu unaoujua ukaishia kuomba karatasi na kalamu.

Uboho ni wako, sikulazimishi. Ninachoomba kwanza ni radhi kwa niliyoyasema pale kaburini. Ukinisamehe ukabaki huko, nitashukuru. Ukija, ni ghorofa ya pili, chumba cha mwisho, kitanda cha dirishani.

Wasalimie wanao, mmoja mmoja. Waambie baba yao mkubwa anawakumbuka, na kwamba anaogopa.

Ni mimi kaka yako,
Fundi Viatu