Madam Jerono, Kengele Bado Inalia

Madam Jerono,

Nakuandikia nikiwa nimekalia kiti chako, kile chenye mguu mmoja mfupi. Hakuna mwingine anayekikalia. Tangu tukuzike kule Elburgon, mvua ikimwagika mpaka mchungaji akafupisha mahubiri, wanafunzi hukizunguka kama vile kuna mtu. Mimi nimekikalia kwa ubishi. Unanijua.

Nilikuja kwako kufanya mazoezi ya kazi, nikidhani maabara ya kemia ni mahali pa kuchanganya vitu. Wiki nzima ya kwanza hukunipa hata chupa ya kushika. Ulinifundisha kutoka. Kutoka tu. Mlango uko wapi, wa dharura uko wapi, na gizani utaufikiaje. Kengele ikilia acha simu, acha mkoba, toka, simama chini ya bango la mahali pa kukusanyika, itika jina lako. Ulinifundisha kugusa mlango uliofungwa kwa mgongo wa mkono kabla ya kuufungua, maana moto unaweza kuwa umekaa nyuma yake unakungoja. Nilikucheka kichinichini. Siku uliponikuta nikichemsha chai kwenye chombo cha kioo cha maabara hukugomba. Uliimwaga, ukaniuliza, "Nyumbani kwenu hakuna sufuria?" Nilitamani ardhi inimeze.

Na maranda. Hukutaka kuona hata chembe ya maranda ya mbao humu ndani. Ulikulia kando ya kiwanda cha mbao cha baba yako, ukaliona lundo la maranda likiungua chini kwa chini huku juu limetulia, watu wakalisahau, nalo likateketeza kiwanda chote. "Moto wa maranda hauna haraka," ulikuwa ukisema. "Haraka ni yako wewe." Tulikuwa tumeisikia mpaka tukaijua kwa moyo.

Sasa nikueleze yaliyotokea baada yako.

Kengele ya maabara ilianza kulia yenyewe. Mara ya kwanza ilikuwa Alhamisi mchana, saa ya somo lako, ambalo sasa nalifundisha mimi, upepo wa mlima Menengai ukirusha vumbi madirishani. Tulitoka sote. Hapakuwa na moshi. Alhamisi iliyofuata ikalia tena. Fundi wa umeme akaja, akapanda ngazi, akasema mashine haina kasoro. Brian, yule kijana mrefu uliyemwita Mlingoti, akafanya utani: "Huyo ni Madam tu. Anacheki kama bado tunakumbuka." Wenzake wakacheka. Kisha kicheko kikawakauka, kwa sababu chumba kizima kilinuka mbao mbichi, ile harufu ya msumeno ukipita kwenye gogo, na hapa kwetu hakuna msumeno.

Niliisikia harufu hiyo, Madam. Siwezi kumdanganya mtu aliyekufa. Koti lako jeupe bado linaning'inia kwenye msumari, na kuna asubuhi nalikuta limefungwa vifungo mpaka shingoni, vile ulivyolivaa. Kuna siku niliweka mgongo wa mkono kwenye mlango wa stoo ya kemikali nikaukuta na joto, joto la paji la uso la mtoto mwenye homa. Nikaita watu. Tulipofungua, ndani kulikuwa baridi kabisa, na kila chupa ilikuwa mahali pake. Nilienda kukaa nje kwenye ngazi. Nilikuwa naogopa, lakini zaidi nilikuwa nimekukumbuka.

Laiti wangeogopa tu. Ubaya ni kwamba walizoea. Kengele ikawa inalia na wao wanaendelea kupima na kumimina. Wengine walisema, "Shikamoo, Madam," bila hata kuinua kichwa. Mkuu wa idara akaleta mchungaji, tukaombewa, mafuta yakapakwa juu ya mlango. Kengele ikanyamaza kwa majuma kadhaa, kisha ikarudi. Nikawafokea watoke. Brian akanijibu kwa upole, kama mtu anayemliwaza mgonjwa: "Madam Wambui, tutamkimbia marehemu hadi lini?"

Hilo liliniuma kuliko msiba. Wewe uliyetufundisha kutoka, sasa jina lako ndilo lililowakalisha. Nilijua moto wa kweli ukija utawakuta wamekaa vile vile, wanakusalimu. Nilikukasirikia. Nililia chooni nikikutukana, na kama ulisikia, basi ulisikia.

Na moto ukaja. Hata haikuwa Alhamisi. Tulikuwa tumeajiri msaidizi mpya, Kevo, kijana mwenye bidii anayeishi mtaa wa Rhonda. Asubuhi hiyo asidi ya nitriki ilimwagika kwenye stoo. Kevo, kwa moyo safi kabisa, akachukua maranda aliyokuwa ameomba kwa jirani yake seremala, akayamwaga juu ya asidi, akafagia vyote ndani ya ndoo ya plastiki, akafunika, akaisukuma chini ya rafu. Kwao, mafuta yakimwagika gereji, ndivyo wanavyofanya. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba maranda yakinywa asidi hiyo yanaweza kujiwasha yenyewe. Mimi hakuniambia kitu, maana kwake kazi ilikuwa imekwisha.

Mchana, katikati ya somo, kengele ikalia. Hakuna aliyeinua kichwa. Nikapita kwenye ujia wa nyuma hadi mlango wa stoo, nikaweka mgongo wa mkono. Nikauondoa mbio. Moshi wa rangi ya kahawia ulikuwa unapenya chini ya mlango.

Nilirudi nikapiga kelele kwamba kuna moto. Wakaniangalia. Kule walikokaa hawakuona moshi wowote. Brian akatabasamu, msichana mmoja wa mbele akaanza kuomba kimya kimya, na kengele inalia tu juu yetu. Sijui maneno yalitoka wapi.

"Ndiyo, ni Madam," nikasema. "Na anasema mtoke."

Wakasimama. Wote, Madam. Waliacha simu juu ya meza, wakaacha mikoba, wakatoka kwa mstari bila kusukumana, vile vile ulivyotaka. Wanasema niliongea kwa sauti yako, na ile lafudhi yako ya kuvuta maneno. Mimi sijui, nilikuwa na shughuli. Tulipofika chini ya bango nikaita majina, na jina la mwisho lilikuwa halijaitikiwa vizuri madirisha ya stoo yaliporuka. Zimamoto walikuja, wakazima. Hakuna aliyeumia. Kevo alilia kama mtoto, nikamshika mkono mpaka akanyamaza.

Kisha akaja yule fundi wa umeme kukagua. Akapanda ngazi, akafungua kile kisanduku cha kengele. Akaniita nipande nijionee. Nyaya zilikuwa zimekatwa na kufungwa kwa utepe, na utepe umeshika vumbi. Alizikata mwenyewe, akasema, siku ile ya maombi. Mkuu wa idara alimwomba afanye hivyo kimya kimya, watu wadhani ni mchungaji aliyeituliza. Tangu siku hiyo isingeweza kulia.

Nilishuka kwenye ngazi ile. Nilienda kwa wenzetu wa maabara ya jirani, ambayo ukuta tu unatutenga nayo, nikawauliza. Walisema hawakusikia kengele yoyote. Walituona tu tukitoka.

Wameleta kengele mpya, na nyaya zake nimezikagua mimi mwenyewe. Mkuu amekiri mbele ya wote, nampa heshima hiyo. Maranda yamepigwa marufuku, na kila anayeajiriwa, hata wa kufagia, anakaa nami wiki nzima akijifunza kutoka.

Nisamehe yale matusi ya chooni. Nakuahidi hivi: kengele ikilia nitawatoa, iwe moto, iwe mzaha, iwe mvua inanyesha, na sitauliza kwanza ni nani anayeita. Kuita na iwe kazi yangu. Umechoka, pumzika huko kwenu kwenye baridi, lala salama, mwalimu wangu.

Ila ukiona tumeanza tena kukaa, piga kengele.

Wako,
Wambui