Mstari Niliouruka kwenye Karatasi ya Marhamu

Nyumbani kwa Bi Mwanahawa,
Temeke,
Dar es Salaam.
Jumapili, 24 Juni 1956

Mpendwa Shangazi Kokushubila,

Shikamoo. Najua barua huanza kwa kujuliana hali, na hali nitakujulia, lakini nikianza huko nitazunguka mpaka karatasi iishe. Kwa hiyo natanguliza neno ambalo sijamwambia mtu yeyote, si Mama, wala Padri kwenye kitubio. Ule moto uliomuunguza mdogo wangu Felicitas haukutoka kwenye jiko la jirani yetu kama Baba alivyokuandikia. Niliuleta mimi.

Sasa nikuamkie kama inavyopasa. Hujambo Shangazi? Mgongo wa Bibi unaendeleaje, na kahawa mmeshaanza kuchuma? Na Revelian wako, ngozi bado inampasuka viwikoni na nyuma ya magoti kama ya Feli wetu? Sie huku tunaendelea. Baba anakwenda kazini bandarini kila siku, kifua cha Mama kimetulia, na joto limepungua. Feli anatembea, ila anachechemea. Kidonda cha pajani kimefunga. Cha kwenye shavu la mguu bado kinatoa maji.

Nakuandikia haraka kwa sababu Baba amekutumia kopo la marhamu ileile anayopakwa Feli, kwa ajili ya Revelian. Kifurushi kiliondoka Jumatano kwa treni ya Mwanza, na huko kitapanda meli ya Bukoba. Nakuomba sana, kikitangulia kufika kabla ya barua hii, basi Mungu akupe shughuli nyingi usikifungue.

Lakini nisikutishe ukaitupa. Marhamu yenyewe ni nzuri, nyeupe na nzito, kama samli iliyoganda. Unakumbuka nilivyokuandikia mwaka jana kwamba Feli alikuwa akijikuna mpaka shuka linakuwa na damu? Wiki mbili baada ya kuanza kupakwa alilala mpaka asubuhi, na Mama aliamka akamgusa pua kuona kama anapumua.

Daktari alimpa Mama karatasi ya maelezo, ameiandika kwa mkono, kwa Kiingereza. Baba alikuwa kazini. Mama akaniita nisome na kufasiri pale barazani. Unanijua Shangazi, mie nikitazamwa na watu wawili tu sauti inaingia tumboni. Na siku hiyo walikuja zaidi ya wawili. Bi Mwanahawa mwenye nyumba alikaa na ungo wake wa mchele, na Mama Rosalia wa chumba cha nyuma, yule mke wa Mzee Albano mchonga vinyago, watu wa Masasi, akasimama na mwiko mkononi. Nikisita kidogo anasema, "Haya Mwalimu, usitulaze njaa!" Wote wanacheka.

Nikafasiri. Kwanza, anayepaka anawe mikono. Marhamu ichotwe kwa kijiko kisafi, kidole kisiingie koponi kwa sababu kinapeleka uchafu. Mtoto apakwe akishaoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, kwa kuteremsha mkono kufuata vinyweleo vilivyolala, pasipo kusugua juu na chini. Apakwe mara tatu au nne kwa siku hata ngozi ikionekana imepona. Na tuangalie sakafu, maana nyayo zenye mafuta zinateleza kwenye saruji. Hapo Bi Mwanahawa akasema kumbe ndiyo sababu juzi alikaa kitako ukumbini bila kukaribishwa, na kicheko kikawa kikubwa.

Ulibaki mstari mmoja. Ulisema kwamba nguo, shuka na vitambaa vilivyonyonya marhamu hushika moto upesi sana, hata vikiwa vimefuliwa, na kwamba mgonjwa asikaribie moto wa aina yoyote. Niliuona, Shangazi. Niliuelewa. Lakini uso ulikuwa unaniwaka moto kwa kutazamwa, na moyoni nikasema haya ni mambo ya Wazungu wanaoota moto sebuleni, hapa Temeke nani anaota moto? Nikasema, "Basi, imekwisha." Mama akanisifu mbele ya wote. Ile karatasi nikaitia ndani ya daftari langu.

Sasa nije kwenye yale maandamano ya Ekaristi. Feli alichaguliwa kuwa mmoja wa watoto wa kumwaga maua. Wiki ile ya mazoezi alirudi kila siku kimya, mpaka Ijumaa akaniomba nimkwangue marhamu kwa kisu. Nikamuuliza kuna nini. Kumbe watoto walitakiwa kushikana mikono wawili wawili, na hakuna aliyetaka kuwa naye. "Usimshike huyo, utateleza!" Na mwingine, mkubwa zaidi, alimwambia, "Feli, kesho njoo na unga kabisa, tukukaange." Aliponisimulia alijaribu kucheka kama wao. Ana miaka sita, Shangazi. Nilijisikia vibaya mno.

Huku pwani wana desturi ambayo kwetu haipo. Kila Ijumaa Bi Mwanahawa huweka makaa ya moto ndani ya chetezo, kile chombo cha udongo cha kufukizia, akatia udi, halafu husimama juu yake amejifunga kanga iliyotanuka kama hema, moshi ukampanda mwilini. Akitoka hapo, watu wanageuka njiani. Tangu tuhamie humu nimekuwa nikimtazama kwa pembeni na kutamani. Nikafikiri, Feli akinukia hivyo nani atakataa kumshika mkono?

Jumamosi ile, tarehe pili, siku moja kabla ya maandamano, Mama alikuwa sokoni na Bi Mwanahawa amekwenda msibani. Nilichukua chetezo chake bila ruhusa, pamoja na vipande viwili vya udi. Nikampeleka Feli uani. Alivaa shimizi yake ya kulalia. Nilikuwa nimeifua mwenyewe asubuhi kwa sabuni, ikakauka juani, ikawa nyeupe kabisa. Nikamzungushia kanga yangu kuanzia shingoni ili moshi usitoroke. Akasimama ametanua miguu, amefumba macho, anacheka kwamba inamtekenya.

Udi ulikuwa mdogo na moshi hautoshi. Nikainama nikapuliza makaa.

Ulitoka ulimi mdogo wa moto, kama ukucha. Uligusa pindo la shimizi tu. Shangazi, ile nguo niliyoiona safi ilivuta moto kama utambi wa taa. Ulipanda kabla sijalitaja jina la Feli.

Aliyekuja si mimi. Ni Mama Rosalia, aliyekuwa anakaanga vitumbua hatua chache kutoka pale, ametupa mgongo. Alimrushia gunia bichi alilofunikia beseni lake, akamlaza chini, akamviringisha, akammwagia maji, ndoo baada ya ndoo, mpaka pipa likabaki nusu. Mikono yake yote miwili iliungua. Na mie nilikuwa nafanya nini? Mdogo wangu anaungua, mie naficha chetezo nyuma ya pipa.

Watu walipojaa, mmoja akauliza jiko hili limeachwa wazi na nani. Macho yote yakaenda kwa Mama Rosalia. Nikasema, "Ni cheche." Neno hilo moja tu. Sikuhitaji kuongeza kitu, wengine waliongeza. Baadaye, tukiwa wawili, nilimwambia Feli akiulizwa aseme cheche. Anasema mpaka leo, na anasema vizuri kuliko mimi.

Bi Mwanahawa akaogopa kwa ajili ya paa lake la makuti. Amewaambia Mama Rosalia na Mzee Albano watoke kabla mwezi haujaisha. Wanahama Jumamosi ijayo. Mama hamwamkii tena. Hata yale maji aliyommwagia Feli, watu wanasema ni dhamiri iliyomsuta. Naye hagombani na mtu. Anafunga vyombo vyake kidogo kidogo, kwa mikono iliyofungwa bendeji, akitumia meno kukaza kamba.

Alhamisi tulikutana bombani, tuko peke yetu. Akaniambia, "Avelina mwanangu, mie na cheche tunajuana. Cheche hutoboa kitundu. Haiwashi nguo nzima." Nikawa natazama maji yanavyojaa. Akauliza, "Una la kuniambia?" Nikasema, "Sina, Mama." Akaniinulia ndoo akanitwisha kichwani, kama anavyofanya siku zote, na mikono ile.

Na kuna jingine linalonitia hofu zaidi. Kwa kuwa wote wanaamini ni cheche, hakuna anayejua habari ya nguo. Mama bado anampaka Feli marhamu sehemu zisizo na kidonda, na kila jioni anaweka koroboi kwenye kigoda karibu kabisa na shuka ili aone vizuri. Mie naisogeza dirishani. Jana akaniuliza, "Kwani taa hii imekukosea nini?" Nikamwambia moshi unaniumiza macho. Sitakuwepo kila jioni kuisogeza.

Sasa sikiliza Shangazi, maana kwenu ndiko kuna baridi na moto uko katikati ya nyumba. Najua Revelian hulala karibu na mafiga, ubavuni mwa Bibi, na Bibi na kiko chake hawaachani. Akishaanza kupakwa, mhamishie upande wa mbali na moto, umwongezee blanketi. Bibi avute kiko nje kwanza, akimaliza ndipo ampakate, na ukimweleza hivyo mwambie nimemwomba mie, asikasirike. Marhamu ikishapakwa, iachwe inyonywe kabla hujamvisha. Nguo zake na shuka lake zifuliwe mara kwa mara kwa maji ya moto na sabuni, lakini usiuamini weupe wake, mafuta hayatoki yote. Na zikichakaa, tafadhali zisifanywe vitambaa vya kuteremshia chungu jikoni kama tunavyofanya sie na kila kitambaa.

Ikitokea bahati mbaya, Mungu apishe mbali, fanya alivyofanya Mama Rosalia. Mlaze, mfunike, kisha maji ya baridi kwa muda mrefu hata akilia. Usimpake samli. Mama aliporudi kutoka sokoni alikuja mbio na ile samli uliyotuletea Krismasi, Mama Rosalia akamshika mkono akasema, "Dada, maji kwanza." Daktari alisema hilo ndilo lililouokoa mguu. Mama alisikia kwa masikio yake, na bado hamwamkii.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kukuomba wewe umwandikie Baba, umweleze taratibu, maana wewe ni dada yake na hawezi kukupandishia sauti. Baba huwaambia watu kanisani kwamba mie ndiye macho yake ya Kiingereza, na mwakani anataka kunipeleka kwenye masomo ya ualimu. Siogopi fimbo. Naogopa siku atakapopata barua ya Kiingereza akampa mtu mwingine amsomee.

Lakini nimehesabu siku. Hata barua yako ikirudi bila kuchelewa, itakuta chumba cha nyuma kina wapangaji wengine. Kwa hiyo usimwandikie. Nimeona tangu ukurasa uliotangulia kwamba kazi hii haiwezi kupita Bukoba kwanza.

Nisalimie Bibi, umwambie namwamkia mara mbili. Nisalimie Mjomba Ansbert na wote wa nyumbani kwake, na Kamugisha mdogo kama amerudi kutoka shule. Mbusu Revelian pale pasipouma. Mama na Feli wanakusalimu, ingawa hawajui kama nakuandikia. Mungu awalinde nyote na kila mwali wa moto, mkubwa na mdogo, na aipe ngozi ya mtoto utulivu.

Shangazi, tangu saa nane nimeifunika barua hii kwa daftari mara tatu. Mara ya kwanza alipita Mama, mara ya pili Feli, mara ya tatu alikuwa kuku tu. Sasa nasikia viatu vya Baba ukumbini, ametoka kwenye mkutano wa kanisa. Anakohoa kama anavyokohoa akikaribia mlango wangu. Daftari liko mbali na mkono wangu na sitalivuta. Nimezigeuza kurasa zote zitazame juu, ile ya kwanza ndiyo iko mbele.

Ikikufikia, ujue Baba ndiye aliyeitia kwenye bahasha.

Ni mie binti wa kaka yako, anayekupenda na kukuogopa kidogo,

Avelina