Baba Anakuja na Hati Yake Mpya

Columbus, Ohio

Dada yangu Phulmaya,

Natumaini wewe na shemeji hamjambo huko kwenye kambi ya wakimbizi ya Beldangi. Hapa theluji imeyeyuka, na mbegu za haradali ulizotutumia zimeota.

Hati ya kusafiria ya baba imefika, kwa hiyo mwezi ujao atakuja Nepal kukuona. Aliigeuzageuza mkononi, akaniuliza, "We Devi, hapa kwenye uraia wameandika nini?"

"Wameandika huna nchi, baba."

Akacheka. "Na ile michungwa yangu ya Bhutan, kabla hawajatufukuza, niliipanda wapi, mawinguni?"

Halafu akauliza, "Je, nikikaa huko zaidi ya mwaka?"

"Kadi ya kijani, kibali chako cha kuishi Marekani, inaweza kufutwa. Hutaruhusiwa kurudi kuishi nasi."

"Aa. Nauliza tu."

Lakini kesho yake aliuliza tena nikiwa napika, na tena tukiwa dukani. Jana nilimkuta akimjaribisha jirani yetu koti lake mwenyewe baba, lile zito la baridi.

"Limemkaa vizuri kuliko linavyonikaa mimi," alisema, bila kunitazama.

Nililia bafuni, dada, kisha nikatoka, nikamsaidia kuchagua nguo za kubeba. Akikuambia hana haraka ya kurudi, usimhimize.

Mdogo wako akukumbukaye,
Devimaya